Maswali ya Wasomaji: Paka wa Mitaani Anayechechemea

SWALI: Daktari, shikamoo. Jioni moja tulimkuta paka jike amejikunyata chini ya gari lililoegeshwa kando ya barabara, mguu wa nyuma wa kushoto ameuinua, naye hakuwa na nguvu hata ya kutukimbia. Daktari wa mifugo alimpiga picha ya eksirei, akatueleza kwamba mfupa wa nyonga una ufa lakini vipande havijaachana, hivyo hahitaji upasuaji. Tumfungie mahali padogo kwa majuma sita, na tumpe dawa ya maumivu aliyotuandikia kwa siku za mwanzo. Sasa tuko juma la tatu. Anakula vizuri na ameanza kuukanyagia mguu, ila bado anachechemea, hasa akiamka, na usiku hulia akitaka kutoka. Nyumbani tumegawanyika: mama mkwe wangu anasema tumfungulie ili mguu uchangamke, mume wangu anataka tuufunge bendeji, na jirani ametushauri tumpe nusu kidonge cha parasetamoli ili alale. Tushike lipi? Na je, atatembea sawasawa tena?

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kukesha naye. Nianze na kidonge, kwa kuwa ndicho pekee katika barua yako kinachoweza kumuua kabla ya kesho: msimpe, si nusu wala robo. Ini la binadamu huibadili parasetamoli na kuitoa mwilini kwa msaada wa vimeng'enya ambavyo paka anavyo kwa kiasi kidogo mno. Ndani ya mwili wa paka dawa hiyo hugeuka sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu hadi zishindwe kubeba oksijeni. Baada ya saa chache ufizi huwa wa kijivu au wa kahawia, uso na nyayo huvimba, na mnyama huhema kwa taabu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumuua paka mzima, na nusu yake haina usalama wowote. Ikiwa kuna aliyekwisha kumpa, msingoje dalili zitokee. Mpelekeni kwa daktari saa hiyo hiyo, kwa maana ipo dawa ya kuizima sumu hiyo na hufaa zaidi inapowahi. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini za nyumbani nazo ziacheni kabatini, kwani huumiza figo na tumbo la paka kwa kiasi ambacho sisi tungekiona kidogo.

Hata hivyo, nyuma ya ushauri wa jirani lipo swali la haki: je, paka huyu bado anaumwa? Msikilizeni kwa macho kuliko kwa masikio, maana paka mwenye maumivu mara nyingi hanyanyui sauti, na hata ule mkoromo wa kifuani tunaouhesabu kuwa wa raha huweza kutoka kwa paka aliye taabani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha kipimo cha kusoma maumivu katika uso wa paka, nacho hutazama mambo matano: masikio yaliyotanuka kwenda pembeni, macho yaliyofinywa, pua na mdomo vilivyokazwa, sharubu zilizonyooka kwa kukakamaa, na kichwa kilichoshuka sawa na mabega au chini yake. Mtazameni akiwa ametulia, hajui kwamba anatazamwa. Mkiona dalili kadhaa kati ya hizo, mrudieni daktari aliyempima ili aamue kama anahitaji dawa zaidi. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya paka, kama meloksikamu, lakini hupimwa kwa uzito wake na baada ya kuzingatia hali ya figo zake.

Sasa juu ya kumfungulia. Namheshimu mama mkwe wako, na kuna wakati maneno yake yatakuwa sahihi, lakini wakati huo haujafika. Mfupa uliopata ufa kwanza huzungukwa na damu iliyoganda. Kisha, kuanzia juma la pili hivi, hujengeka juu yake kovu laini la gegedu na nyuzi ambalo huushika usicheze, na kwa sababu hauchezi tena, maumivu hupungua. Kovu hilo linakuwa kama chungu kilichokwisha kufinyangwa ambacho bado hakijachomwa: umbo lipo, nguvu haijaingia. Madini huingia humo polepole katika majuma yanayofuata. Kwa hiyo paka hujisikia mzima katika kipindi kile ambacho mfupa wake bado ni laini, na hapo ndipo watu wengi wenye huruma hufungua mlango. Akirukia kiti akatua vibaya mara moja tu, ufa uliokuwa ukiziba huweza kuachana, na mliyoepushwa nayo mwanzoni, yaani upasuaji, yakawajia. Kamilisheni majuma sita, na kufungiwa kukomeshwe na picha ya pili ya eksirei, kilio chake kisiwe sababu.

Lakini kufungiwa kusiwe kifungo cha mateso. Kizimba kiwe na urefu wa kumwezesha kujinyoosha, kugeuka na kulala mbali na sanduku la haja, ila kisiwe na rafu wala kitu cha kupanda. Mwekeeni ndani boksi la karatasi ngumu lililolazwa ubavu ili apate pa kujificha. Paka aliyekulia mtaani anahitaji maficho kuliko godoro. Sakafu isiteleze: zulia dogo au taulo nzito humsaidia kuukanyagia mguu bila woga. Sanduku la haja liwe na ukingo mfupi upande mmoja, kwani kuvuka ukingo mrefu humlazimu kusukuma kwa miguu ya nyuma, na kama anakataa kulitumia, changanyeni humo udongo kidogo wa nje, ndio aliouzoea.

Kuhusu kilio cha usiku, paka ni mnyama wa machweo na mapambazuko, na wenu alizoea kuhangaika saa hizo akitafuta chakula. Jioni kaeni naye, mchezesheeni kamba mbele ya pua huku amelala au amesimama pale pale, kisha mpeni mlo wa mwisho muda mfupi kabla ninyi wenyewe hamjalala, na mfunike kizimba kwa shuka upande mmoja. Msimfungulie wakati analia, kwa kuwa atajifunza kwamba kulia ndio ufunguo. Nendeni kwake anaponyamaza.

Bendeji msifunge. Nyonga ni mfupa wa kiunoni na hakuna bendeji ya mguuni inayoweza kuituliza. Itaongeza tu uzito chini na kumfanya auburute. Tena bendeji iliyofungwa na asiyefunzwa hukaza kadiri mguu unavyovimba, damu ikazuiwa, na nimeona miguu iliyopotea kwa sababu ya bendeji ilhali jeraha lenyewe lilikuwa dogo. Msomaji ambaye paka wake amefungwa na daktari aangalie kila siku vidole viwili vya kati: makucha yake yakianza kuachana, au vidole vikiwa baridi, au kukitoka harufu, arudi siku hiyo hiyo.

Huko kuchechemea kwa asubuhi hakunishangazi. Misuli ya paja hukonda upesi mguu usipotumika, na mkimpapasa mapaja yote mawili kwa pamoja bila shaka mtahisi la kushoto ni jembamba. Mwulizeni daktari kama mnaweza kuanza kumnyoosha, na akikubali, fanyeni hivi. Kitambaa kilicholowekwa katika maji ya uvuguvugu na kukamuliwa kiwekeni juu ya paja kwa dakika chache. Kisha mlazeni kwa ubavu wa kulia, kiganja kimoja kishike goti kutoka chini na kingine kishike wayo, mkunje na mkunjue mguu taratibu kwa mwendo ule ule anaoufanya akitembea. Mwangalieni usoni badala ya mguuni. Sikio likigeukia nyuma, ngozi ya mgongoni ikitetemeka, au akigeuza kichwa kuutazama mkono wenu, hapo mmefika mwisho. Rudini nyuma kidogo, msilazimishe. Mara nane hadi kumi, asubuhi na jioni, zinatosha, na akikataa siku moja mwacheni. Picha ya pili ikiwa nzuri, mwongezeeni kazi: atembee juu ya taulo zilizokunjwa zilizolazwa sakafuni, au afuate kijiko cha chakula kinachosogezwa polepole kuelekea kushoto ili uzito uhamie mguu ule. Hapo ndipo ushauri wa mama mkwe utakapofaa. Ngazi na viti vije mwisho kabisa.

Je, atatembea sawasawa? Paka wengi wenye ufa wa nyonga ambao haukuachana hurudia kukimbia na kuruka, ingawa baadhi hubaki na mwendo wa kuyumba kidogo usiowasumbua. Lipo jambo ambalo hukuliuliza nami nalijali sana. Nyonga iliyoungana vibaya huweza kupunguza nafasi ambamo choo na watoto hupita. Mchunguzeni anapojisaidia: akikaa muda mrefu akijikaza bila kutoa kitu, apelekwe. Na kwa kuwa ni jike, ombeni afungwe uzazi mara daktari atakapoona mwili wake uko tayari, maana mimba katika nyonga iliyobana huweza kumuua yeye na watoto wake. Mrudisheni haraka pia akianza kukunja wayo na kukanyagia upande wake wa juu, akipitisha siku nzima bila mkojo au bila chakula, au akichechemea zaidi kuliko jana yake.

SWALI: Nilimwokota paka mchanga akiwa na afya, nikamlea kwa nyama tupu isiyo na mifupa kwa sababu niliambiwa paka ni mla nyama. Baada ya miezi miwili ameanza kuchechemea miguu yote kwa zamu na hataki kuguswa mgongoni. Hajaanguka popote. Tatizo ni nini?

JIBU: Yawezekana tatizo ni chakula chenyewe. Ni kweli paka ni mla nyama, lakini mwindaji humla panya pamoja na mifupa yake. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na mwili wa mtoto anayekua, ukikosa kalsiamu katika damu, huichota kutoka katika mifupa. Mifupa hiyo huwa myembamba hata ikavunjika kwa kuruka tu kutoka kitandani, na uti wa mgongo huweza kujikunja. Maziwa ya ng'ombe si dawa yake, kwani paka wengi wakishaachishwa kunyonya huharisha wakiyanywa. Mfungie mahali padogo leo, umbebe ukiwa umemkalisha juu ya kitu bapa, umpeleke akapigwe picha, na umhamishie kwenye chakula kamili kilichoandaliwa kwa ajili ya paka wanaokua. Usimpe vidonge vya kalsiamu kwa kukisia, kwani ikizidi nayo hudhuru. Wengi wa watoto hawa hupata nafuu ndani ya majuma machache, mradi uti wa mgongo haujaharibika.

SWALI: Paka dume asiye na mwenyewe huja kula kwangu. Ametoweka kwa siku kadhaa, amerudi akichechemea mguu wa mbele, nao umevimba na una joto. Nilipotaka kuutazama aliniuma kidoleni. Je, nimkamue?

JIBU: Kwanza kidole chako. Kioshe sasa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya leo, hata kama jeraha ni dogo na paka anaonekana mzima. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na chanjo huokoa maisha ikitolewa kabla dalili hazijaanza. Zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Waeleze kwamba paka ni wa mitaani. Usimwue wala usimfukuze, kwa sababu kumtazama kwa siku 10 ni sehemu ya kujua kama kuna hatari. Akibadilika sauti, akitokwa na mate, au akipooza, usimguse, waite wataalamu wa mifugo.

Ama kuhusu mguu, inaelekea ni jipu la kung'atwa na paka mwenzake. Jino la paka hutoboa tundu dogo ambalo hufunga upesi na kuacha vijidudu ndani, na baada ya siku chache usaha hujaa. Usilikamue, kwa kuwa usaha huweza kusukumwa ndani zaidi, nawe utaumwa tena. Akiingia kula, mfunike kwa taulo nene mwili mzima, mweke ndani ya boksi lenye matundu ya hewa, na umfikishe kwa daktari alitoboe na kulisafisha akiwa amelazwa usingizi, kisha atoe dawa za kuua bakteria. Hapo hapo aombewe kuhasiwa, kwani madume waliohasiwa hupigana kidogo zaidi. Apimwe pia virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili wa paka, vilivyogunduliwa California mwaka 1986, ambavyo huenezwa hasa kwa kung'atana na havimwambukizi binadamu. Kipimo hicho kirudiwe siku 60 baada ya jeraha, kwa kuwa kikifanywa mapema mno huweza kusema hakuna kitu ilhali kipo.