Jibu: Kujua mbunge wako wa jimbo alipigaje kura ya bastola Texas

Salaam ndugu. Unasema uko Houston, umetafuta jina la mbunge wako kwenye kura ya sheria ya kubeba bastola bila kibali, na hulioni. Kwanza, umemtafuta mbunge yupi? Wengi humchukua yule wa Washington, na huyo hakuhusika kabisa. Sheria hiyo ni HB 1927 (yaani muswada namba 1927 wa Baraza la Wawakilishi) ya mwaka 2021, ya Bunge la jimbo kule Austin. Weka anwani yako kwenye tovuti ya Bunge la Texas, itakupa mwakilishi na seneta wako wa jimbo.

Kisha fungua historia ya muswada. Mimi huanzia kura ya mwisho, kwa sababu Seneti iliubadilisha na kamati ya pamoja ikaupatanisha: Baraza la Wawakilishi 82 kwa 62, Seneti 17 kwa 13. Aliyekubali mwanzo si lazima awe alikubali mwisho. Majina yamo kwenye kumbukumbu za kikao cha siku hiyo. Usiishie kwenye orodha, maana chini yake wapo wanaoandikisha baadaye kwamba walikusudia kura nyingine. Hesabu haibadiliki, ila visingizio hujificha hapo hapo! Spika kwa kawaida huandikwa "yupo, hakupiga kura". Marekebisho yaliyopita kwa sauti hayana majina, usihangaike nayo.

Kama bado huna uraia na unafikiria kununua silaha, muulize wakili wa uhamiaji kwanza. Hapo mimi si mtu wa kukushauri.