12.6 au 13.2? Saizi ya lenzi ya ndani ya jicho

SWALI: Papa, jambo. Mimi ni mwalimu wa sekondari Katuba, nina miaka 27, miwani yangu ni –11. Lenzi za kubandika zimenichosha, hasa kiangazi na vumbi letu hili. Nataka kutiwa ile lenzi ya ndani, ICL, huko India. Kliniki ya kwanza ilisoma vipimo vilivyochukuliwa hapa Lubumbashi ikaniandikia saizi 12.6. Ya pili ilinipima yenyewe nilipompeleka mama kutibiwa, ikasema 13.2. Kwa macho mabovu namna hii, si heri nichukue ile kubwa?

JIBU: Binti, hiyo –11 iweke pembeni kwanza. Namba ya miwani inaamua nguvu ya lenzi. Saizi inaamuliwa na upana wa jicho lako kwa ndani, na mwenye –5 anaweza kuhitaji kubwa kuliko yako.

Saizi ni nne tu: milimita 12.1, 12.6, 13.2 na 13.7. Ukiangukia mpakani, hata madaktari wawili wazuri wataachana. Lenzi hiyo hukaa nyuma ya sehemu yenye rangi, mbele ya lenzi uliyozaliwa nayo, ncha zake zikiegemea mfereji mwembamba pembeni. Daktari haoni mfereji huo kwa taa yake. Kwa hiyo wengi hupima upana wa duara la rangi, kutoka weupe hadi weupe, pamoja na kina cha chumba cha mbele cha jicho, yaani nafasi kati ya kioo cha mbele cha jicho na lenzi ya asili, kisha wanakadiria. Mashine moja ikisoma 11.4 na nyingine 11.7, umeshahama saizi. Ipo pia mashine ya mawimbi ya sauti inayoufikia mfereji wenyewe. Mimi ningeuliza kama wanayo kabla ya kutoa hata faranga moja.

Wanachotafuta ni nafasi kati ya lenzi mpya na ya asili, kwa kawaida mikroni 250 hadi 750 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Kubwa mno hubinuka na kuisukuma sehemu ya rangi mbele, maji ya jicho yanakosa njia, presha inapanda. Ndogo mno hulalia lenzi ya asili, na hapo mtoto wa jicho anaweza kuja mapema. Lenzi za siku hizi zina kitundu katikati cha kupitisha maji, na ikibidi hutolewa na kubadilishwa, lakini nani anataka kupasuliwa mara mbili?

Siku ya kupimwa ulikuwa umezivua lenzi za kubandika tangu lini? Zinaubadilisha uso wa jicho na kuvuruga vipimo. Omba wakuambie uziache siku ngapi. Halafu dai karatasi kutoka pande zote mbili: upana, kina, jina la mashine, kila jicho peke yake. Kina kikiwa chini ya milimita 2.8, wengi hawakubali kuiweka kabisa. Ipelekee kliniki ya kwanza karatasi za ile ya pili, iseme kama bado inasimama na 12.6 yake, na kwa nini.