Muhtasari, Kitabu na Andalio la Somo: Kipi Kinamwongoza Mwalimu?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ninafundisha Sayansi darasa la nne katika shule ya kisiwani, wilayani Ukerewe. Hivi karibuni mthibiti ubora wa shule alipitia maandalio yangu ya somo, akasema kwamba ninafundisha kitabu badala ya kufundisha muhtasari. Sikumwelewa, kwa kuwa kitabu chenyewe kimeandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kina ithibati. Je, mwalimu anayefuata kitabu cha kiada ukurasa kwa ukurasa anakosea wapi? Na je, ninaruhusiwa kutumia mifano ya huku ziwani ambayo haimo kitabuni?
Mwalimu wa Ukerewe

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hukufanya kosa la kutumia kitabu, na usikiweke kando. Alichokuwa anakueleza mthibiti ni kwamba nyaraka hizi zina ngazi, na ya chini haiwezi kushika nafasi ya ile iliyo juu yake. Mtaala ndio unaoeleza kwa ujumla mtoto wa Tanzania anatakiwa awe na umahiri gani anapomaliza ngazi fulani ya elimu. Muhtasari hulichukua somo moja na kuonyesha umahiri huo utajengwaje, darasa kwa darasa. Kitabu cha kiada huja baada ya hapo, na kazi yake ni kukusaidia kutekeleza kile ambacho muhtasari umekwisha kukiamua. Wewe ndiwe unayeandika azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha wa muhula au mwaka, na andalio la somo, yaani mpango wa kipindi, na yote mawili yanapaswa kutoka katika muhtasari, kitabu kikiwa rejea.

Fungua muhtasari wako mahali penye jedwali. Utaona umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, mbinu zinazopendekezwa, vigezo vya upimaji, zana na idadi ya vipindi. Walimu wengi husoma safu mbili za mwanzo, wakanakili maneno yake kwenye azimio la kazi, kisha wakafunga na kuchukua kitabu. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapopoteza mambo mengi, kwa sababu safu yenye manufaa makubwa kwa mwalimu aliye darasani ni ile ya vigezo vya upimaji. Hiyo ndiyo inayokueleza utajuaje kwamba mtoto ameweza. Ukianza kusoma hapo, kisha ukarudi nyuma kwenye shughuli ya ujifunzaji, utagundua kwamba mara nyingi kitenzi kilichotumika ni cha kutenda: mwanafunzi achunguze, apime, alinganishe, atengeneze. Somo ambalo watoto wamesomewa aya tatu na kujibu maswali matano kwenye daftari halijagusa kitenzi hicho hata kama ukurasa umekwisha. Tangu mwaka 2005, mtaala wa sekondari ulipoanza kusisitiza umahiri, na shule za msingi zikafuata, dai hili limekuwapo. Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutekelezwa Januari 2024, imelitilia mkazo zaidi.

Swali lako la pili ndilo ninalolipenda zaidi, na jibu lake ni ndiyo. Tuseme shughuli iliyo mbele yako inamtaka mwanafunzi afanye jaribio rahisi kuhusu namna maji yanavyogeuka kuwa mvuke, na kitabu kimechora nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Watoto wako wameona dagaa wakianikwa mchangani na kwenye chanja tangu walipoanza kutembea. Chukua dagaa wabichi, wapime kwa mizani ya dukani mafungu mawili yenye uzito sawa, lipeleke moja juani penye upepo na jingine kivulini pasipo na upepo, halafu watoto wayapime tena kabla ya kwenda nyumbani na kuandika tofauti waliyoiona. Waulize kwa nini mama zao huhangaika na dagaa msimu wa mvua. Hapo umetekeleza muhtasari kikamilifu bila kuigusa ile picha ya nguo kwenye kamba, na mthibiti akija atakuta namba zilizoandikwa kwa mkono wa mtoto. Angalia tu kwamba mfano wako haubadilishi umahiri unaotakiwa: kama kipindi cha dakika 40 kitaishia kwenye mazungumzo ya bei ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, utakuwa umeliacha somo.

Jambo dogo la mwisho kwako: usiache safu ya maoni kwenye azimio la kazi ikijazwa neno “imekamilika” wiki baada ya wiki. Andika ni nini watoto walikiweza na ni nini kiliwashinda, kwa sababu mwakani utapanga vipindi kwa kuyasoma hayo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa taaluma wilayani Misungwi. Shuleni kwetu tuna nakala moja ya muhtasari kwa baadhi ya masomo, nayo hukaa kabatini kwa mwalimu mkuu. Walimu huazimana maandalio ya zamani. Nifanyeje?
Mwalimu wa Taaluma

JIBU: Ndugu yangu, nakala hiyo itoke kabatini wiki hii. Mihtasari hupatikana pia kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo mwalimu mmoja mwenye simu nzuri anaweza kuipakua na kuwagawia wenzake, na kurasa za darasa husika zikachapishwa.

Hata hivyo, kuwa na nakala hakutoshi. Mnavyo vikao vya mafunzo endelevu ya walimu kazini, yaani MEWAKA. Kitengeni kimoja kwa ajili ya mstari mmoja tu wa jedwali. Kila mwalimu aandike peke yake anavyouelewa umahiri mahususi huo na kazi ambayo angempa mtoto ili kuupima, kisha msomeane. Mtashangaa mlivyotofautiana, hasa kati ya wanaofundisha darasa la tatu na la nne, ambao wanapokezana watoto walewale. Maandalio ya zamani yaliyoandikwa kwa muhtasari uliokwisha kubadilishwa yasitumike tena hata kwa kurekebishwa tarehe, kwa sababu mtoto atapimwa kwa vigezo vya sasa.