Dhahabu 15 zitakufikisha wapi?

Umeuliza mhusika wako anunue nini na sarafu 15 za dhahabu kwenye mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons. Kwa toleo la 5 la mwaka 2014, upanga mrefu mmoja tu unazimaliza zote. Deraya kamili ya mabamba ni dhahabu 1,500, hiyo sahau kwanza. Mimi ningechukua silaha ya bei nafuu na kukodi kibarua: sarafu 2 za fedha kwa siku (dhahabu 1 ni fedha 10), anabeba mizigo na kukushikia mwenge unaouzwa sarafu 1 ya shaba huku mikono yako ina mkuki na ngao. Fundi au askari wa kukodi anataka dhahabu 2 kwa siku. Na usinunue kwa pupa, silaha ukiiuza kwa kawaida unapewa nusu bei.