Namba ya Simu Si Mkulima

SWALI: Miaka minne iliyopita niliiandalia AMCOS (chama cha ushirika cha kuuza mazao) moja ya wakulima wa alizeti wilayani Kongwa programu ya kupokea mazao na kuandaa malipo. Msimu ulikuwa umekaribia, hivyo nilitumia namba ya simu kuwa utambulisho wa mkulima, na majina ya vijiji nikayaandika ndani ya msimbo wenyewe, yaani maandishi yanayoiendesha programu. Sasa kila badiliko dogo linanichukua wiki nzima. Je, niifute niandike upya?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, usiifute. Programu iliyopokea mazao kwa misimu minne imebeba mambo mengi uliyokwisha kuyasahau, na ukianza upya utayajifunza tena kwa hasara ya wakulima.

Mwaka 1992 Mmarekani Ward Cunningham, akieleza programu ya masuala ya fedha aliyoshiriki kuitengeneza, aliifananisha hali kama yako na deni. Hakukataza kukopa: deni dogo huharakisha kazi, mradi lilipwe mapema, lisipolipwa, hutozwa riba. Wiki yako ndiyo riba hiyo.

Hata hivyo, madeni yako mawili hayalingani. Majina ya maeneo hubadilika, kwani mwaka 2012 tulipata mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, kisha Songwe mwaka 2016. Vijiji navyo hugawanywa. Yahamishie kwenye jedwali, na jambo hilo litakuwa limekwisha.

Namba ya simu ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu imeingia katika kila rekodi ya mzani, ya mkopo wa mbegu na ya malipo. Mkulima akibadilisha laini, historia yake inakatika. Na laini iliyoachwa muda mrefu ikigawiwa mtu mwingine, huyo anaweza kujikuta akidaiwa mbegu ambayo hakuipanda. Mbaya zaidi, mume na mke wanaotumia simu moja wamekuwa mtu mmoja, na magunia ya mke yanasomeka kwa jina la mumewe.

Msimu wa mauzo ukishafungwa, mpe kila mkulima namba ya uanachama isiyotegemea simu, kijiji wala jina. Iweke kando ya namba ya simu, kisha uhamishe jedwali moja baada ya jingine huku programu ikiendelea kufanya kazi. Ieleze bodi waziwazi kwamba kazi hiyo haitaonekana kwenye skrini, lakini inahitaji kulipiwa. Rekodi za watu wawili waliochangia simu moja, msimbo hautaweza kuzitenganisha. Itakubidi ufike vijijini pamoja na katibu, mkae na wenyewe, na mfungue madaftari ya mzani.