Re: Mazutu (dizeli) ya gari langu la zamani haieleweki

Ndugu yangu, umeandika kwamba Hilux yako ilikula lita 12.6 kwa kilomita 100, tangi lililofuata 9.4, kisha 11.9, na unataka kufungua pampu ya injini. Ngoja kwanza.

Mazutu hutoa povu. Mashine ya stesheni inaweza kukata mapema, ukaamini tangi limejaa kumbe bado lita tatu nne. Zile zinahamia hesabu ya safari inayofuata. Na hapa Bukavu, ukiegesha pua ikitazama mlima, hewa inabaki tangini. Tafuta sehemu tambarare, mashine ikikata subiri povu lishuke, uongeze polepole.

Kisha jumlisha. Lita zako 46, 39 na 44 ni 129. Kilomita 365, 415 na 370 ni 1,150. Hiyo ni 11.2 kwa 100. Kwa gari la umri huo linalopanda mtaa wa Kadutu kila siku na gia ya pili, mimi nisingelia. Tangi moja halikuambii kitu.

Bidoni za kadhafi, wale wauza mafuta wa barabarani, ziache kwa muda wa kupima, maana hujui kipimo wala kilichochanganywa. Matairi je, ulibadilisha saizi? Makubwa hufanya kaunta ihesabu kilomita pungufu.

Ukishuka garini, sogeza mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko zenzake, breki inashika na gari linakula mafuta zaidi. Moshi mweusi ukipanda? Anza na filta ya hewa, hasa kiangazi hiki cha vumbi. Injekta, zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini, baadaye.