Kiongozi mwizi na Warumi 13: yaliyonikuta mimi na orodha ya mahindi

Ndugu uliyeanzisha uzi, umeuliza hivi: zahanati ya kwenu imekaa miezi bila dawa, mwakilishi wa wadi anakuja Jumapili kuongoza harambee ya mabati ya kanisa, na mchungaji ameshawasomea Warumi 13, ile ya kuwatii wenye mamlaka, ili asipatikane wa kuuliza neno. Mkristo afanyeje? Wengi hapo juu wamekujibu kwa aya. Mimi naanza na aibu yangu, aya zitafuata.

Nakaa Malindi, pwani ya Kenya, ng'ambo ya mto Sabaki, kazi yangu ni kuezeka makuti. Mwaka 2022 ukame ulipotukaba, mahindi yalikauka yakiwa hayajafika magotini, na serikali ikaleta chakula cha msaada. Nikawekwa katibu wa kamati ya kijiji kwa sababu moja tu, nina mwandiko mzuri. Lori la pili lilipokuja, naibu chifu alinipa orodha niinakili kwenye daftari. Nilipofika katikati nikakuta jina la mzee ambaye jeneza lake nililibeba mimi mwenyewe. Nikanyanyua macho. Akasema, "Katibu, wewe andika tu, hayo ya ofisi tuachie sisi." Nikaandika. Usiku ikaja bodaboda na nusu gunia, limefunikwa turubai. Watoto wangu walikula. Nalisema hili mapema usije ukadhani anayekujibu ni nabii.

Wiki ile ile akaja mama mmoja mjane wa kanisani kwetu, ana ndoo tupu mkononi. "Mwanangu, nimeambiwa nimeshachukua. Eti kidole changu kipo." Nikafungua daftari. Kidole kweli kilikuwepo mbele ya jina lake, kwa wino wa buluu, kinene kama cha mwanamume. Nikakosa la kusema. Yeye hakugomba. Alikaa kibarazani, akaomba maji, akanywa, akachukua ndoo yake akaenda.

Nikamwendea mchungaji wangu. Alinisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia, lakini jibu lake likawa lile mnalolijua nyote: "Msiwaguse masihi wangu." Naibu chifu alikuwa mshirika wetu, tena ndiye aliyetutafutia kibali cha kiwanja cha kanisa. Nilirudi nyumbani nikaifungua hiyo Zaburi ya 105, na hapo ndipo macho yalipofunguka. Soma aya ya 12 hadi ya 15 kwa mpigo mmoja. Masihi, yaani wapakwa mafuta, wanaotajwa pale ni Ibrahimu na kizazi chake, watu wachache, wageni, wanaohama taifa hadi taifa bila hata shamba. Wanaoambiwa wasiguse ni wafalme! Mungu anawakemea wenye vyeo kwa ajili ya wasio na kitu, na sisi tumeuchukua mkemeo huo tukamvika mwenye cheo uwe kofia yake. Mjane na ndoo yake ndiye aliyekuwa masihi wa zaburi ile. Aliyemgusa alikuwa naibu chifu, na kalamu ilikuwa yangu.

Warumi 13 nayo siikwepi. Paulo aliiandika Nero akiwa madarakani, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuota kwamba watawala ni malaika. Lakini aya ya 4 inasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema yako. Mtumishi ana kazi aliyopewa, na kazi hupimwa. Mimi nikikuezekea paa likavuja masika ya kwanza, ukaniita na kunionyesha linapovuja, utakuwa umenidharau? Tena huyo Paulo aliyeandika "tiini" mtazame alivyofanya Filipi, Matendo 16. Alichapwa hadharani bila hukumu, akatiwa gerezani na miguu kwenye mkatale. Asubuhi mahakimu wakatuma ujumbe kwamba aende zake, mambo yaishe kimyakimya. Akakataa kutoka. Akasema sisi ni raia wa Rumi, mmetupiga mbele ya watu, sasa mnatutoa kwa siri? Waje wenyewe watutoe. Na wakaja, kwa kuwabembeleza. Hakutukana, hakuvunja mlango, ingawa milango ilikuwa wazi tangu tetemeko la usiku. Alishika haki yake ya uraia na kudai mambo yafanyike mchana. Kwangu mimi jibu la swali lako liko hapo Filipi, mengine ni maelezo.

Nilianza kwa kumwendea naibu chifu peke yake, kama Mathayo 18 inavyotaka. Alicheka. Akaniuliza lile nusu gunia lilikuwa na ladha gani.

Hapo nikajua kwamba bila kutapika nilichokula sina mdomo. Nikanunua mahindi kwa pesa ya paa la hoteli moja niliyokuwa naiezeka Watamu, nikampelekea mjane yake, nikamwambia kila kitu. Halafu nikasimama kwenye ibada ya katikati ya wiki nikaungama. Si Jumapili, ujasiri wa Jumapili sikuwa nao.

Msaada ulitoka nisikotazamia. Jirani yetu mwenye duka, Mwislamu, mtu wa kuswali safu ya mbele, ndiye ambaye lori lilishushia mzigo barazani kwake. Akaniambia, "Sheha wangu" (ndivyo anavyonitania tangu nipewe ukatibu), "kila gunia lililoshuka nimelipiga mstari." Akatoa daftari la madeni. Katikati ya sukari na mafuta ya taa ya watu, mistari ilikuwepo, tano tano, imepangwa safi, na tarehe juu. Hesabu yake na ya ofisini zilipishana kwa magunia mengi.

Tukaandika barua kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Tulisema magunia yaliyoshuka ni haya, yaliyoandikwa ni haya, waliosainiwa ilhali ni marehemu ni hawa, na aliyeandika uongo huo ni mimi katibu. Hatukuandika "mwizi" hata mara moja. Kuna walionikasirikia kwa hilo, lakini kumbuka Paulo huyo huyo, Matendo 23, alimwita kuhani mkuu ukuta uliopakwa chokaa kisha akajirudi mwenyewe. Tukaenda mjini watu wanne. Mara ya kwanza bosi hayupo. Mara ya pili faili haionekani. Mara ya tatu tukaketishwa, afisa akatuuliza, "Nyinyi mmetumwa na nani?" Si mnajua swali hilo, karibu na uchaguzi kila malalamiko huwa na mtu nyuma yake. Sisi wanaume tukaanza kujieleza. Mjane hakujieleza. Aliomba kile kidau cha wino kilichokuwa mezani, akabonyeza dole gumba lake kwenye karatasi tupu, akalisogeza kando ya lile la kwenye daftari. Dole lake ni jembamba, lina kovu la kisu cha kupasulia makuti linalolikata katikati. Afisa alitazama yote mawili kwa muda mrefu. Akapiga muhuri nakala yetu.

Yaliyofuata hayakuwa muujiza. Naibu chifu hakushtakiwa, alihamishwa, na huko alikohamia sina amani napo. Mimi niliondolewa ukatibu. Kuna ndugu wawili kanisani mpaka leo salamu zao ni za kutazama kando. Lakini ugawaji uliofuata orodha ilisomwa kwa sauti chini ya mwarobaini, jina kwa jina, mwenye jina anaitika "nipo" na watu wanamwona. Alipoitwa marehemu mmoja, kwa kusahau tu safari hii, kijiji kizima kilisema "amefariki" kwa pamoja.

Sasa kuna aliyeandika hapo juu kwamba serikali yote ni ya shetani, Mkristo ajitenge nayo. Ndugu yangu, sisi wa Malindi tuna Shakahola. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa msituni kule, ya watu waliofundishwa kwamba shule, hospitali na vitambulisho ni vya ulimwengu. Na upande wa pili, mhubiri wao alikuwa ameshakamatwa na kuachiliwa zaidi ya mara moja kabla ya hapo. Raia waliojitenga, pamoja na vyombo vya dola vilivyolala, walikutana mahali pamoja, na watoto ndio waliolipa. Kwa hiyo hoja ya kujitenga msiniletee.

Na yule aliyesema Mekatilili, mama wa Kigiriama aliyewapinga wakoloni, hangesubiri Warumi 13, nakuelewa, sanamu yake iko mjini kwetu. Mwaka 1913 alisimama kwa sababu mkoloni alitaka kodi na vijana wa kazi, na hapakuwa na ofisi ya kumsikiliza. Sisi tuna katiba ya 2010, tumeiweka kabatini tu. Ukitaka wa kwenye Biblia anayefanana na watu wa pwani, msome Nabothi, 1 Wafalme 21. Mwenye shamba la urithi, mfalme analitaka, barua zinapigwa muhuri wa ikulu, mashahidi wa uongo wanaketishwa. Nabii Eliya hakumwombea mfalme huyo, Ahabu, kwa mbali. Alimfuata kwenye shamba lile lile.

Sasa Jumapili yako. Bahasha ndiyo kamba. Kanisa lililoezekwa na mtu haliwezi kumwuliza mtu huyo kuhusu dawa, na wakubwa wetu wamelijua hilo kwa kuchelewa. Septemba 2021 askofu mkuu wa Kianglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia ibadani. Novemba 2024 Wakatoliki wa Nairobi walikataa fedha alizotoa rais kwenye parokia moja, wakatangaza kuzirudisha. Kama una nafasi kwenye baraza la wazee, omba jambo moja tu: mheshimiwa akaribishwe, aombewe kama 1 Timotheo 2 inavyosema, aketi benchi moja na wengine, na mabati mjichangie, hata kama ni bati moja moja kwa mwezi. Wakikataa, usigombane mlangoni pa kanisa.

Jumatatu andika barua kwa kaunti. Zahanati ni ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Taja kifungu cha 35 cha katiba na sheria ya kupata habari ya 2016, uulize zahanati yenu ilipokea dawa gani, lini, kiasi gani, na nani alisaini kupokea. Sheria inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na hulazimiki kueleza sababu. Wana siku 21 za kukujibu. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri na tarehe, ubaki nayo. Usiende peke yako, na mkienda mchukueni yule mama anayejua zaidi zahanati ilivyo tupu. Muhuri ukikataliwa, andika hapo hapo saa na mlango uliobisha, halafu rudi hapa uzini utuambie.